Mtunga Sheria na Mrahaba wa Madini: Mfano wa Pweto

Nguvu ya mtunga sheria haipimwi kwa wingi wa ahadi anazoandika, bali kwa njia anayoiweka ili ahadi hizo zimfikie mwananchi. Wilaya ya Pweto, kando ya Ziwa Mweru katika Haut-Katanga, ni ushahidi wa kauli hiyo.

Mwaka 2002 kampuni ya Anvil Mining ilianza kuchimba shaba Dikulushi, na shehena zikavushwa kwa tishari kutoka Kilwa ya ziwani (si ile ya pwani) hadi Zambia. Mwaka huohuo Sheria ya Madini ya tarehe 11 Julai iliitengea wilaya yenye mgodi asilimia 15 ya mrahaba kwa ajili ya miundombinu ya msingi yenye manufaa kwa jamii. Hata hivyo, mrahaba wote ulipitia kwanza Hazina ya Taifa, na wenyeji wakabaki kuingojea Kinshasa.

Marekebisho ya tarehe 9 Machi 2018 hayakuongeza fungu hilo. Yalibadili njia yake. Mchimbaji aliamriwa kulilipa moja kwa moja kwa mamlaka ya mahali. Aidha, alitakiwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na kufidia uharibifu wa mazingira hata pasipo kosa lake. Kuhusu ajira, sheria ya tarehe 8 Februari 2017 ilikwisha kuwahifadhia Wakongomani kandarasi ndogo.

Kwa hiyo, swali la mwenyeji wa Pweto limesogea karibu: si tena Kinshasa imetuma nini, bali mamlaka yake mwenyewe imepokea nini na imekitumiaje.