Mdondo

Mdondo, au kideri, ni maradhi ya virusi yaangamizayo kuku wa kienyeji wajitafutiao riziki uani, yaliyodhihiri Newcastle, Uingereza, na Java mwaka 1926. Kuku mgonjwa huhema kwa taabu, huhara kijani, hupinda shingo na kupooza, na aghalabu kundi zima huangamia kwa siku chache. Wasemao Kiswahili wa Louisville, Columbus na Buffalo, wakiwemo wengi waliotoka Kongo ya mashariki, hukuta Marekani sheria ngeni kwao: kundi lililoambukizwa huuawa kwa amri ya serikali, kama ilivyojiri kusini mwa California kuanzia 2018 hadi 2020. Tiba haipo; vijijini Tanzania kinga ni chanjo ya I-2 istahimiliyo joto, tone moja jichoni kila miezi mitatu, nayo ni neema kubwa kwa mjane ambaye kuku ndio akiba yake yote.