Waarabu na demokrasia: kati ya kura na mkate

Kwa miaka mingi baadhi ya wachambuzi wa Magharibi walidai kuwa jamii za Kiarabu hazina hamu ya demokrasia. Kura za maoni za Arab Barometer, mradi wa utafiti ulioanza mwaka 2006, zimeonyesha vinginevyo: wengi wa waliohojiwa wamekuwa wakisema kwamba demokrasia, pamoja na kasoro zake, ndiyo mfumo bora wa utawala. Kilichopungua ni imani yao kwamba mfumo huo utawaletea riziki.

Katika awamu ya mwishoni mwa 2021 hadi miezi ya mwanzo ya 2022, watu wapatao 23,000 walihojiwa katika nchi tisa na maeneo ya Wapalestina. Serikali nyingi za Ghuba hazikuruhusu utafiti huo ufanyike kwa uhuru, hivyo sauti za wananchi wao hazimo. Nchini Iraq na Tunisia, takriban watu saba kati ya kumi walikubali kwamba uchumi huwa dhaifu chini ya demokrasia.

Nchini Misri, waandamanaji wa 2011 walidai mkate, uhuru na haki ya kijamii. Mkate, ambao Wamisri huuita “aish”, ndio uliotangulia; na neno hilo lina asili moja na “maisha” ya Kiswahili.

Tunisia ndiyo iliyofika mbali zaidi. Baada ya mchuuzi Mohamed Bouazizi kujichoma moto mjini Sidi Bouzid Desemba 17, 2010, Rais Zine El Abidine Ben Ali alikimbia nchi Januari 14, 2011. Katiba mpya ilipatikana mwaka 2014 na chaguzi huru zikafuata, lakini ajira hazikuonekana. Ndiyo maana Rais Kais Saied aliposimamisha Bunge Julai 25, 2021, wengi walimiminika mitaani kushangilia. Katika kura hiyo ya maoni, Watunisia wanane kati ya kumi walitaka kiongozi awezaye kupindisha kanuni ili mambo yaende.

Anayeona katika takwimu hiyo mapenzi ya udikteta anasoma nusu tu ya habari. Uchaguzi wa Bunge jipya la Saied, Desemba 2022, ulihudhuriwa na takriban asilimia 11 tu ya wapiga kura. Oktoba 2024, huku baadhi ya wapinzani wake wakiwa gerezani, Saied alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 90. Waliojitokeza hawakufika theluthi moja ya walioandikishwa.