Miisho Miwili ya Hadithi Moja: Wasomaji wa The Constant Gardener na Watazamaji Wake

Mjadala kuhusu riwaya na filamu iliyotokana nayo aghalabu huendeshwa kama kesi ya nasaba. Riwaya huketishwa upande wa wazazi, filamu ikasimamishwa kama mtoto, na mhakiki akawa na kazi ya kupima sura: pua imetoka kwa nani, macho yameharibiwa na nani. Upimaji huo una faida zake, lakini hautuelezi kwa nini wasomaji wawili wenye elimu sawa, waliosoma kitabu kimoja na kuona filamu moja, hutofautiana vikali. Katika makala haya tutashikilia kwamba, kwa riwaya ya John le Carré, The Constant Gardener (2001), na filamu iliyoongozwa na Fernando Meirelles (2005), chanzo cha tofauti hiyo ni mwisho wa hadithi. Tena, namna mtu anavyoupokea mwisho huo hutegemea sana historia aliyoibeba alipoanza kusoma.

Tukumbushe kisa kwa ufupi. Tessa Quayle, mke kijana wa mwanadiplomasia wa Kiingereza jijini Nairobi, anauawa karibu na Ziwa Turkana. Alikuwa akichunguza Dypraxa, dawa ya kifua kikuu inayojaribiwa kwa wagonjwa maskini wa Kenya huku madhara yake yakifichwa. Mumewe Justin, mpole na mpenda bustani, anafuata nyayo zake mpaka naye anafikia pale alipofikia mkewe. Hayo yamo katika kitabu na katika filamu.

Riwaya ilitoka wakati mgumu kuisoma kama hadithi tu. Mnamo Desemba 2000 gazeti la The Washington Post lilikuwa limechapisha msururu wa makala kuhusu majaribio ya dawa katika nchi maskini, likieleza yaliyotokea Kano, Nigeria, mwaka 1996 wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo. Kampuni ya Pfizer ilikuwa imejaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto. Watoto wapatao 200 waliingizwa katika majaribio, nusu wakipewa dawa hiyo na nusu dawa ya kulinganisha. Watoto 11 walifariki, 5 wa kundi la kwanza na 6 wa kundi la pili. Kampuni ilikana kwamba dawa yake ndiyo iliyosababisha vifo, na mwaka 2009 ilifikia mapatano ya dola milioni 75 na Jimbo la Kano. Mnamo Aprili 2001 kampuni 39 za dawa ziliondoa kesi zilizokuwa zimeifungulia serikali ya Afrika Kusini. Hapa kwetu, Bunge lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwandani mwaka huohuo wa 2001, iliyofungua njia ya kuingiza dawa za bei nafuu katika nchi ambayo rais wake alikuwa ametangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999.

Kwa hiyo msomaji wa Ulaya alikipokea kitabu kama ufunuo. Mwandishi mwenyewe, katika maelezo yaliyo mwishoni mwa riwaya, anasisitiza kwamba hakuna mtu wala kampuni halisi aliyoichora, kisha anaongeza kwamba kadiri alivyozidi kuchunguza ndivyo alivyoona kuwa hadithi yake ni nyepesi ikilinganishwa na uhalisi. Kauli hizo mbili zikiwekwa bega kwa bega huvuta pande tofauti: ya kwanza ni ya wakili, ya pili ni ya shahidi. Wasomaji wengi waliisikia ya pili tu.

Msomaji wa Kenya alikuwa na njia nyingine. Serikali ya Moi inatajwa kwa jina katika riwaya, tena si kwa sifa, na taarifa za magazeti za wakati filamu ilipopigwa mwaka 2004 zilieleza kwamba kitabu hakikuwa kikiuzwa waziwazi nchini katika utawala huo. Wengi basi walikutana na filamu kwanza na kitabu baadaye. Hata hivyo, hata aliyekutana na hadithi hii kwa mara ya kwanza hakukosa kuitambua. Mnamo Septemba 1988 kijana wa Kiingereza, Julie Ward, aliuawa katika Maasai Mara, na maelezo ya kwanza ya wakuu yalikuwa kwamba ameliwa na wanyama. Baba yake, John Ward, alikataa maelezo hayo akaendelea kutafuta ukweli kwa miongo kadhaa. Walioshtakiwa katika kesi mbili, zilizomalizika mwaka 1992 na 1999, waliachiliwa huru. Mwaka 2004, mwaka uleule wa kupigwa filamu, uchunguzi wa kifo hicho uliofanyika Ipswich, Uingereza, uliamua kwamba aliuawa kinyume cha sheria. Ni nani aliyemuua halikujibiwa. Grace Musila amekiandikia kisa hicho kitabu kizima, A Death Retold in Truth and Rumour (2015), akionyesha jinsi uvumi wa wananchi ulivyokuwa aina ya maarifa pale ambapo lugha rasmi ilikuwa imekataa kusema.

Kando ya jina hilo kuna jina zito zaidi kwetu. Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, aliuawa Februari 1990. Tume ya Jaji Gicheru ilisikiliza mashahidi mpaka ilipovunjwa na Rais Novemba 1991, kabla ya kumaliza kazi yake. Mkenya aliyepitia miaka hiyo akiwa na akili timamu alijifunza kanuni moja ya usimulizi: uchunguzi huanza kwa kishindo, faili hunenepa, kisha sauti hupotea. Hakuhitaji le Carré amfundishe.

Sasa tuitazame miisho yenyewe. Katika riwaya Justin anakufa, wakuu wanatangaza kwamba amejiua kwa huzuni, na nyaraka alizozikusanya kwa taabu zinashindwa kutikisa chochote. Sir Bernard Pellegrin, mkubwa wa Wizara ya Mambo ya Nje mjini London, anastaafu mapema na kuchukua cheo katika kampuni ileile ya dawa. Katika filamu Justin anakufa vilevile, na maelezo rasmi ni yaleyale. Lakini katika ibada ya kumbukumbu mjini London, jamaa yake Tessa anasoma hadharani barua inayomfichua Pellegrin, naye Pellegrin anatoka nje akiandamwa na waandishi wa habari. Ukweli unapata kanisa, kipaza sauti na kamera.

Hapo ndipo maoni hugawanyika. Wako wanaoilaumu riwaya kuwa ndefu, yenye safari nyingi (Italia, Ujerumani, Kanada), yenye mahojiano ya wapelelezi yanayochosha, halafu inamwacha msomaji mikono mitupu. Hao huishukuru filamu kwa kuipogoa Kanada na kumpa mtazamaji angalau pumzi ya haki. Wako wanaosema filamu imelegea katika dakika zake za mwisho. Kati ya wanafunzi wangu wa uzamili kundi la kwanza ndilo kubwa, jambo lisilonishangaza: wengi wao walizaliwa Moi akikaribia kuondoka au akiwa ameshaondoka, na tume kwao ni ripoti ndefu zilizo maktabani, si redio iliyokuwa ikisikilizwa kwa sauti ya chini. Mwanafunzi mmoja mtu mzima, mwalimu wa shule ya upili, aliwakatiza wenzake: hiyo ibada ya London, alisema, ndiyo sehemu pekee ya filamu ambayo haikupigwa Kenya hata kama ingepigwa Kenya. Nimejaribu kuiboresha hoja hiyo nikashindwa.

Tusiwadharau wanaotaka ufumbuzi. Msomaji wa Kiswahili amelelewa nao. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, Bwana Msa amekuwa akituketisha mwishoni na kutufumulia fundo uzi mmoja baada ya mwingine. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa hupiga na kukimbia zaidi ya kufikiri, lakini nao hawatuachi gizani: adui hujulikana na hushindwa. Katika fasihi pendwa yetu, ujuzi una nguvu; anayejua ameshashinda. Le Carré anatenganisha mambo hayo mawili. Justin anajua kila kitu, na ujuzi wake haumsaidii kitu. Kwa msingi huo filamu, japo ni ya Mbrazili na imeandikwa kwa Kiingereza, iko karibu zaidi na Bwana Msa kuliko riwaya yenyewe ilivyo. Mhakiki anayeiita filamu dhaifu kwa sababu hiyo tu anapaswa kueleza kwa nini raha ileile ni halali kwa msomaji wa Abdulla.

Mimi naona tofauti iko katika swali la nani anasikiliza. Bwana Msa huufumbua ukweli mbele ya watu waliodhurika na walioshukiwa, katika jamii itakayoendelea kuishi na ukweli huo. Ibada ya London haina Mkenya anayehitaji kuusikia. Lawama kubwa iliyotolewa dhidi ya filamu, kwamba Waafrika wake ni mandhari, mara nyingi hutajwa kwa ujumla mno. Meirelles, aliyetoka kwenye City of God (2002), aliipeleka kamera Kibera na Loiyangalani, akatia mchezo wa kuigiza wa mtaani kuhusu UKIMWI, akatia wimbo wa Ayub Ogada, Kothbiro, kwa Kidholuo bila kuomba radhi. Baada ya upigaji picha watengenezaji walianzisha mfuko wa kusaidia maeneo hayo mawili. Kwa kuonekana, Mkenya wa filamu amempita Mkenya wa kitabu, ambaye mara nyingi tunamfikia kupitia macho ya maofisa wa ubalozi. Riwaya hata inafunguliwa ndani ya fikra za mmoja wao, Sandy Woodrow. Ila kuonekana si kushuhudia.

Mfano ni Wanza, mgonjwa anayekufa katika hospitali ambayo Tessa amejifungulia mtoto aliyefariki. Jina lake na la nduguye mdogo, Kioko, ni ya Kikamba, kwa hiyo mwandishi amewapa kwao. Tessa anamnyonyesha mtoto wa Wanza. Katika filamu, baada ya kifo hicho, Tessa na Justin wako garini wakampita Kioko akirudi nyumbani kwa miguu na kichanga, mwendo wa kilomita nyingi. Tessa anataka wapewe lifti. Justin anakataa, akisema hawawezi kumsaidia kila mtu. Baadaye, kule Sudan, Justin anamsihi rubani amchukue msichana mmoja, na ndivyo filamu inavyotuonyesha kwamba amebadilika. Wanafunzi hulitaja tukio hilo kuliko jingine lolote, na kwa haki, kwa kuwa limepangwa kwa ustadi. Ni nadra kwa mmoja wao kuuliza Kioko alifika nyumbani saa ngapi, na nani alimwuliza dada yake alipewa dawa gani.