Bima ya dhima ya mpiga picha wa kujitegemea

Bima ya dhima ya mpiga picha wa kujitegemea ni mkataba ambao kampuni ya bima hulipa, hadi kikomo kilichoandikwa, fidia ambayo mpiga picha anawajibika kisheria kuilipa kwa madhara aliyowasababishia wengine kazini, mathalani mgeni wa harusi anapojikwaa kwenye waya wa taa na kuvunjika mkono. Kamera ya mpiga picha haimo. Hiyo hukatiwa bima ya mali. Picha za mteja zilizopotea kwa uzembe huangukia bima ya dhima ya kitaaluma, tofauti inayostahili kusomwa kabla ya kutia saini. Nchini Tanzania, biashara ya bima husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) chini ya Sheria ya Bima ya 2009. Bima ya magari ya mtu wa tatu ni ya lazima. Lakini bima hii ya dhima, kwa mpiga picha wa Hirbadaw, mkoani Manyara, kama kwa wa Dar es Salaam, ni ya hiari.