Giaboksi ya otomatiki ya pikapu ya zamani: Nini kichunguzwe kabla ya kuifungua

Pikapu iliyofanya kazi kwa miaka 20 au zaidi inapoanza kuchelewa kubadili gia, kushtuka au kukataa gia ya mwisho, ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuishusha giaboksi na kuitafutia nyingine. Kwa mkulima au mfanyabiashara anayeitegemea gari hiyo, uamuzi huo ni gharama kubwa. Hata hivyo, dalili kama hizo huweza kusababishwa na oili iliyopungua, kebo iliyolegea au waya uliokatika, na yote hayo hukaguliwa bila kufungua giaboksi.

Mfano mzuri ni giaboksi ya A340, iliyotengenezwa na kampuni ya Aisin ya Japani na kutumiwa na Toyota katika pikapu na magari mengine mengi tangu miaka ya 1980. Ina gia nne za kwenda mbele. Katika aina ya A340E, kompyuta husoma mwendo wa gari na jinsi pedali ya mafuta inavyokanyagwa, kisha huwasha au kuzima solenoidi mbili, yaani vali ndogo za umeme zinazoelekeza oili yenye shinikizo kwenye klachi za ndani. Hivyo, ili gia ibadilike sawasawa, vinahitajika vitu vitatu: oili safi ya kutosha, shinikizo sahihi na umeme usiokatika. Uchunguzi hufuata mpangilio huo huo.

Oili

Kiwango cha oili hupimwa gari ikiwa mahali tambarare, oili ikiwa imepata joto la mwendo na injini ikiwa inaunguruma. Breki ikiwa imekanyagwa, mkono wa gia hupitishwa polepole kutoka P hadi L na kurudishwa P, ndipo kijiti cha kupimia huchomolewa. Kipimo kinachochukuliwa injini ikiwa imezimwa hudanganya.

Rangi nayo hutoa habari. Oili nzima huwa nyekundu na angavu. Ikiwa ya kahawia iliyokolea na kunuka kuungua, klachi zimekuwa zikiteleza. Ikiwa na weupe kama maziwa, maji yameingia, na mahali pa kwanza pa kushukiwa ni rejeta, kwa kuwa oili ya giaboksi hupozwa ndani yake. Gari yenye dalili hiyo haipaswi kuendeshwa, kwani maji huharibu klachi.

Oili iliyozidi nayo ina madhara: huchapwa na vyuma vinavyozunguka, ikatoa povu na kupunguza shinikizo. Mwenye gari akumbuke pia kwamba kufungua nati ya chini hutoa sehemu tu ya oili. Nyingine hubaki ndani ya konveta, chombo kinachounganisha injini na giaboksi.

Kebo ya shinikizo

Katika A340E kuna kebo nyembamba inayotoka kwenye koo la hewa la injini hadi ndani ya giaboksi. Kazi yake ni kuongeza shinikizo la oili kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Kebo iliyolegea hushusha shinikizo. Klachi huteleza na kuungua, hasa gari ikiwa na mzigo. Iliyokazwa kupita kiasi hufanya gia ziingie kwa kishindo.

Ukaguzi wake ni mwepesi. Injini ikiwa imezimwa na pedali ikiwa imekanyagwa hadi mwisho, nafasi kati ya mdomo wa gamba la kebo na kizuizi kilichobanwa kwenye waya wake inapaswa kuwa milimita 0 hadi 1. Kebo hiyo ikaguliwe kila baada ya injini kufunguliwa au kubadilishwa, kwa sababu ni rahisi kurudishwa bila kupimwa.

Gia ya nne inapokataa kuingia

Kabla ya kulaumu giaboksi, itazamwe taa ya O/D OFF kwenye dashibodi. Ikiwaka bila kumulikamulika, kitufe cha kuzuia gia ya nne kimebonyezwa, na kukibonyeza tena kunatosha.

Sababu nyingine ni injini yenye baridi. Kompyuta huzuia gia ya nne mpaka maji ya injini yapate joto. Baadhi ya mafundi huondoa themostati wakiamini wanazuia injini isichemke. Katika maeneo ya baridi, injini ya namna hiyo huchelewa kupata joto, na dereva huona gia ya nne haiingii ilhali giaboksi ni nzima. Dawa yake ni kurudisha themostati.

Umeme

Taa ya O/D OFF inapomulikamulika yenyewe, kompyuta imetambua hitilafu. Katika matoleo mengi ya miaka ya 1990, fundi huunganisha matundu ya TE1 na E1 katika kisanduku cha uchunguzi kilicho chini ya boneti, kisha huhesabu mimuliko. Namba 42 na 61 huelekeza kwenye sensa za mwendo. 62 na 63 kwenye solenoidi mbili za kubadilishia gia. Na 64 kwenye solenoidi ya kufunga konveta. Namba hizo huonyesha njia ya umeme yenye kasoro, si lazima kifaa chenyewe. Kwa hiyo waya na plagi hukaguliwa kabla ya kununua sensa mpya.

Lipo pia jaribio linalotenganisha kasoro ya umeme na ya ndani. Plagi ya solenoidi huchomolewa, kisha gari huendeshwa taratibu mahali pa wazi. Ikiwa giaboksi ni nzima, D hutoa gia ya nne pekee, 2 hutoa ya tatu, na L hutoa ya kwanza. Gia hizo zikitofautiana waziwazi, kasoro imo kwenye umeme. Zisipotofautiana, kasoro imo ndani.

Wakati wa kuifungua

Kipimo kingine huhitaji saa tu. Oili ikiwa na joto, injini ikiunguruma taratibu na breki zote zikiwa zimekazwa, mkono wa gia hutolewa N kwenda D. Mshtuko wa gia kuingia unapaswa kusikika kabla ya sekunde 1.2, kutoka N kwenda R, kabla ya sekunde 1.5. Ikichelewa zaidi ya hapo ilhali oili na kebo ni sawa, shinikizo ni dogo au klachi zimelika.

Dalili hiyo ikiambatana na oili iliyoungua, au injini ikipandisha mzunguko bila gari kuongeza mwendo, giaboksi haina budi kufunguliwa. Kuendelea kubeba mizigo ni hatari. Katika miteremko mirefu kama Kitonga, mkoani Iringa, dereva hutegemea gia ndogo kulizuia gari. Giaboksi inayoteleza humwachia breki peke yake, na breki zilizopata joto kupita kiasi hupoteza nguvu.