Delko: Jina la Kampuni Lililogeuka Jina la Kifaa

Reli iliyotoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ilifika Bukama mwaka 1918, ikiwa imekwisha kupita Lubudi, mji wa saruji. Magari yalipofuata, gereji nazo zikapata msamiati wake, na ndani yake neno delko.

Kwa mafundi waliojifunza kazi kwa Kifaransa, delko ni kile kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi. Jina ni la kampuni ya Marekani iliyoanzishwa Dayton mwaka 1909 na Charles Kettering na Edward Deeds. Cadillac ya 1912 ilitumia mtambo wao.

Ndani ya delko kuna platini, vidomo viwili vinavyoachana kwa karibu milimita 0.4. Kinachosumbua zaidi ni taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, inayoyumba leo, kesho ikatulia. Mhimili ukilika, mwanya hubadilika kila unapotikisika. Kondensa mbovu ikipata joto hufa, ikipoa hufufuka. (Ndiyo maana gari hupona mlangoni mwa gereji!) Kupima taimingi, fundi wa zamani aliunganisha taa ndogo, akazungusha injini kwa mkono, polepole: taa ikiwaka, platini zimeachana. Asiye na taa alibanisha karatasi ya sigara katikati, akangoja ilegee.

Kuanzia miaka ya 1970 elektroniki ilianza kuziondoa platini. Magari ya zamani kama Peugeot 404 yalitoka kiwandani yakiwa na platini.