Meli Iliyoishia Hameye

Mwaka 1851 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika ukingoni mwa mto Tana akiwa peke yake, kiu imemkaba koo. Alikuwa ametoka Kitui na Kivui wa Mwenda, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilijulikana hadi Mombasa. Njiani walivamiwa, Kivui akauawa, watu wakatawanyika. Krapf alikunywa maji ya Tana, kisha kwa kukosa kibuyu akajaza maji katika mkoba wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaanza safari ya kurudi. Alichokuja kutafuta ni habari za mto wenyewe: unatoka wapi na unaelekea wapi.

Tseikuru ya Ukambani iko kusini mwa mto huohuo, katika nchi ya mibuyu, mbuzi na mito ya mchanga ambayo maji yake hupatikana kwa kuchimba. Bahari iko mbali. Hata hivyo meli ya moshi iliwahi kuukaribia upande huu. Mwaka 1891 Kapteni Dundas aliipandisha Tana meli ndogo iliyoitwa Kenia, akapita Wapokomo na mashamba yao ya ukingoni, akafika karibu na Hameye. Mbele yake yalikuwa maporomoko, na hapo safari ya maji ikaisha. Toka Hameye hadi Tseikuru zilibaki siku chache za miguu.

Kenia ilikuwa ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati mwaka 1888 chini ya William Mackinnon, Mskoti aliyejitajirisha kwa meli. Kampuni yake nyingine, British India Steam Navigation, iliyofupishwa BI, ilikuwa imeanza mwaka 1872 kuleta barua kati ya Aden na Zanzibar kwa malipo ya serikali. Hilo la barua lazima lieleweke kabla ya kuzungumzia nauli. Abiria walikuwa nyongeza. Ratiba, bandari za kutua, hata mwendo wa meli, vilipangwa kwanza kwa ajili ya mifuko ya posta, na aliyetaka kusafiri na mke na watoto alijipenyeza palipobaki nafasi. Wajerumani walipoanzisha Deutsche Ost-Afrika Linie mwaka 1890, nao walifanya hivyohivyo kwa ruzuku ya Berlin. Kwa hiyo ushindani wa bei ambao msafiri aliuona dirishani ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ushindani wa hazina mbili za Ulaya.

Kwa Mkamba wa karne ile safari ya Mombasa haikuwa jambo la familia. Wanaume walishuka na pembe, wakarudi na nguo, shanga na nyaya, na mama na watoto wakabaki na mifugo. Familia zilizosafiri baharini zilikuwa za watu wa majahazi. Msimu wa kaskazi ulileta Waarabu wa Hadhramaut na jamaa zao, na chombo chao ndicho kilichokuwa rahisi kuliko vyote. Mwandishi Mwaustralia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Wakuwaiti la namna hiyo msimu wa 1938 hadi 1939, na aliyoyaona ameyaandika kwa kirefu: watu wamebanana juu ya sitaha wakilala bega kwa bega, na wanawake wamefungiwa chumba cha chini kisicho na hewa wala mwanga kwa siku na siku. Bei ilikuwa ndogo kweli. Gharama yake waliilipa zaidi waliokuwa chini.

Katika kipindi hichohicho, mtu mwenye fedha kidogo zaidi angeweza kukata tikiti kwa Wafaransa wa Messageries Maritimes. Ndio waliomchukua Jomo Kenyatta kutoka Mombasa Februari 1929, katika meli Bernardin de Saint Pierre, hadi Marseille. London alifika Machi 8. Alikwenda bila familia yake. Chama cha Wakikuyu kilikuwa kimechanga cha kumpeleka mtu mmoja tu, na mke na watoto walibaki nyumbani.

Miaka ya dhahabu ya nauli za familia ilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kati ya 1951 na 1953 Kilindini ilipokea meli mpya moja baada ya nyingine, kila moja na rangi zake, na kwa mara ya kwanza baba mwenye watoto aliweza kukaa na vijitabu vya makampuni manne mezani na kupiga hesabu.

BI ilileta pacha wawili kutoka Glasgow, Kenya mwaka 1951 na Uganda mwaka uliofuata. Kila moja ilibeba abiria wapatao 300 waliogawanywa daraja la kwanza na daraja la watalii, kutoka London kupitia Suez na Aden. Safari ilichukua majuma kama matatu. Union-Castle nayo ikaleta Rhodesia Castle, Kenya Castle na Braemar Castle, zilizojengwa Belfast na kupakwa rangi ya zambarau iliyofifia. Hizi zilibeba abiria zaidi ya 500, na zilikuwa na daraja moja tu. Waitaliano wa Lloyd Triestino wakaja na Africa na Europa, meli za mwaka 1952 zilizoanzia Trieste na Venice. Ukishuka nazo Venice, njia iliyobaki hadi London uliikata kwa treni. Wafaransa wakaongeza zao zilizokwenda hadi Madagaska.

Sasa ilitegemea nani anayelipa. Ofisa wa serikali ya kikoloni, baada ya miaka miwili na nusu au zaidi kazini, alipewa likizo ya kwenda kwao, na nauli yake na ya familia ililipwa na serikali kulingana na cheo. Huyu hakuuliza bei. Aliuliza daraja, maana mkewe akiwekwa na watalii wakati mke wa mwenzake yuko daraja la kwanza, habari ingefika Nairobi kabla ya meli kufika Port Said.

Mlowezi aliyejilipia mwenyewe, wa shamba la katani au la kahawa lililokuwa na deni benki, alihesabu tofauti. Desturi ya makampuni mengi ilikuwa mtoto kulipa nusu, lakini nusu tatu si haba. Chakula kilikuwa ndani ya nauli kwa majuma yote matatu, na watoto walikula mapema kwa saa yao ili wakubwa wapate utulivu. Mizigo ya kila aina, masanduku ya vyombo na vitabu, ilikwenda kwa meli kwa namna ambayo ndege haingekubali. Kisha kulikuwa na yasiyoandikwa kwenye kijitabu: bakshishi za watumishi, vinywaji, fedha za kutumia Aden na Port Said. Kwa mtu kama huyu, nadhani Union-Castle ndiyo iliyokuwa na thamani kubwa kuliko zote. Daraja likiwa moja, watoto hawakuwa na kamba ya kuwazuia. Sitaha yote ilikuwa yao, na baba hakulazimika kulipia heshima ambayo wageni waliokaa naye kwa siku ishirini wangeisahau mara wakishuka.

Pale palipokuwa na madaraja mawili, fedha ya ziada haikununua mwendo. Wa kwanza na wa pili walitia nanga dakika ileile. Ilinunua nafasi, upepo, na umbali kutoka kwa watu wengine. Sihesabu jambo hilo kuwa dogo. Bahari ya Shamu mwezi wa Agosti, ndani ya kabini yenye watoto wawili na kitanda cha juu kilichokaribia dari, ingemfanya yeyote atamani umbali.

Upande wa mashariki hesabu ilikuwa kali zaidi. Mhindi mwenye duka, awe Mombasa au katika mji mdogo wa bara kama Kitui, alipeleka familia Bombay kwa meli nyingine za BI, Kampala ya 1947 na Karanja ya 1948. Juu walikaa daraja la kwanza na la pili. Chini ilijaa daraja la tatu, familia nzima na matandiko yao na masanduku ya bati, na kulikuwa na jiko la Wahindu na jiko la Waislamu, ili kila mtu ale bila kuvunja dini yake. Hapa ndipo BI ilipopata wateja wake wa kudumu. Mwenye duka alipima hivi: daraja la pili kwa watu sita lingekula mtaji wa bidhaa za miezi, na daraja la tatu lilifika Bombay siku ileile. Akachagua chini, mwaka baada ya mwaka. Kwa macho yangu huyu ndiye aliyekuwa bingwa wa hesabu kuliko wote waliopita Kilindini.

Na wa Ukambani? Waliopanda meli kwa wingi hawakuulizwa nauli. Wakamba walijiandikisha jeshini kwa idadi kubwa kuliko makabila mengi ya Kenya, na wakati wa Vita vya Pili askari wa Afrika Mashariki walipelekwa Ceylon na Burma kwa meli kutoka Mombasa. Mapema Februari 1944 msafara uliondoka Kilindini ukiwa na Ekma, Ellenga na Varsova za BI, na Khedive Ismail iliyobeba kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki nambari 301 pamoja na wauguzi na mabaharia. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa torpedo mbili. Ilizama kwa muda usiofika dakika tatu. Watu 1,297 walikufa. Wengi wa waliokuwa chini ya sitaha hawakupata hata kuzifikia ngazi. Majina ya askari wa Afrika Mashariki waliopotelea humo yamewekwa katika Ukumbusho wa Afrika Mashariki, makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Mwenye jamaa aliyeondoka na asirudi anaweza kwenda kuyasoma.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeleta kitu kingine. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji akiwa Tanganyika wakati wa vita hivyo, akarudi nao kwao, na watoto wa watoto wa ufundi wake wakashuka Mombasa kuwauzia abiria swala na twiga wa mbao. Kwa hiyo zile meli za zambarau na nyeupe zilimfikia Mkamba kwa mlango wa nyuma: kila familia iliyoshuka kunyoosha miguu Kilindini ilikuwa mteja. Mwaka 1963 wachongaji wa Changamwe walianzisha chama chao cha ushirika, na hadi leo wapo.

Lakini wakati huo abiria wenyewe walikuwa wanaondoka. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa 1958. Mwaka 1959 wanafunzi 81 wa mpango wa mwanasiasa Tom Mboya walikwenda Marekani kwa ndege, na mwaka 1960 shirika la ndege la Afrika Mashariki lilianza kuruka na Comet hadi London. Mwafrika wa Kenya alipata ruhusa na fedha za kuvuka bahari wakati uleule ambapo meli zilianza kukosa watu. Juni 1967 Suez ikafungwa, ikakaa hivyo miaka minane, na njia ya London kupitia Aden ikafa.

Zilikokwenda meli hizo ndiko kunakonichekesha. Kenya ilikatwa vyuma 1969. Uganda ilifanywa meli ya safari za wanafunzi, kisha mwaka 1982 ikawa hospitali katika vita vya Falklands. Kenya Castle iliuzwa 1967 kwa Wagiriki wa Chandris, ikaitwa Amerikanis, ikaanza kuzungusha watalii Karibi: familia zinapanda, zinakula, zinaogelea, zinarudi zilikotoka. Wenye Chandris hao ndio walioanzisha Celebrity Cruises mwishoni mwa miaka ya 1980. Meli iliyowahi kuwashusha walowezi Kilindini ikawa shule ya biashara ya kuuza safari isiyo na mwisho wa safari. Karanja ilihimili hadi 1976, kwa sababu ya wale wa chini.

Leo familia ya Tseikuru inayotaka kuiona bahari Desemba hupanda matatu au basi hadi Mwingi, kisha Thika na Nairobi, halafu hupiga hesabu ya treni. Mwaka 2017, reli mpya ya SGR ilipoanza, daraja la kawaida lilikuwa shilingi 700 na la kwanza 3,000. Tangu Januari 2024 ni 1,500 na 4,500, na mtoto wa kati ya miaka mitatu na kumi na mmoja hulipa nusu. Baba, mama na watoto wawili katika daraja la kawaida ni shilingi 4,500, sawasawa na kiti kimoja cha mtu mzima daraja la kwanza. Wote wanashuka Miritini saa ileile.

Wakifika, chombo kimoja kinawangoja ambacho hakina kijitabu wala daraja. Ni feri ya Likoni. Mtu wa miguu halipi kitu, awe mkubwa au mtoto, na ukisimama upande wa kulia wakati wa kutoka kisiwani, unaziona meli za Kilindini.